Daftari la hasara: shajara ya mradi wa blackjack, wiki ya 1 hadi ya 9

Wiki ya 1

Blackjack ni mchezo wa karata wa kasino: mchezaji hushindana na mgawaji kukaribia 21 bila kuivuka. Lengo la mradi: kila shilingi inayopotea kwenye meza ya blackjack ipangiwe chanzo chake. Vyanzo ni vitatu tu: uamuzi mbaya wa mchezaji, kanuni mbaya za meza, na karata zenyewe. Mchezaji anayetoka kasino na mfuko mtupu huwa ameuchanganya mzigo wote kuwa mmoja, kisha anaokota funzo popote macho yanapoangukia. Mara nyingi anaokota funzo la uongo.

Istilahi zimekubaliwa ili daftari lisomeke vilevile na kila anayeandika. Kuomba ni kuchukua karata nyingine. Kubaki ni kutosheka na ulizo nazo. Kudabo ni kuongeza dau mara mbili na kupewa karata moja tu. Kupasua ni kutenganisha jozi iwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake. Kuungua ni kuvuka 21. Gulamu, bibi na basha zote zinaandikwa 10, na ree, inayohesabiwa 1 au 11, inaandikwa R.

Safu za daftari: karata mbili za mwanzo, karata ya mgawaji iliyo wazi, uamuzi uliofanywa, uamuzi wa jedwali (orodha ya uamuzi bora kwa kila mkono), bei ya kosa, dau, matokeo. Mpangilio huu ni wa makusudi. Matokeo yako mwisho kwa sababu safu zote za kabla yake lazima zijazwe bila kuyatazama. Uamuzi hupimwa kwa kilichojulikana kabla karata haijafunuliwa.

Meza ya mfano: pakiti 6 (karata 312), mgawaji anabaki kwenye kila 17, blackjack (R na 10 katika karata mbili za mwanzo) inalipwa 3 kwa 2, dabo inaruhusiwa kwa karata mbili zozote na hata baada ya kupasua, hakuna kujitoa kwa nusu dau. Kwa kanuni hizi, anayecheza kila mkono kama jedwali linavyosema anaachia kasino karibu 0.4% ya dau la mwanzo. Dau likiwa shilingi 10,000, hiyo ni shilingi 40 kwa mkono.

Wiki ya 2

Programu ya kugawa karata imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python. Toleo la kwanza lilimfanya mchezaji awe tajiri, na hiyo ni dalili ya kosa kila inapotokea. Makosa manne yalipatikana, na kila moja linafundisha kitu kuhusu mchezo wenyewe.

La kwanza: mchezaji akiungua na mgawaji naye akiungua, programu iliandika sare. Kwenye meza halisi dau la aliyeungua huchukuliwa papo hapo, kabla mgawaji hajafunua kitu. Mchezaji wa jedwali huungua takribani 16% ya mikono, mgawaji takribani 28%. Pale wanapoungua wote wawili, kasino inakula. Hapo ndipo faida yake yote ilipo. Vingine vyote, yaani 3 kwa 2, dabo na kupasua, ni marejesho kwa mchezaji. Ondoa kipengele hicho kimoja na mchezo unageuka kuwa wa faida kwa aliyekaa.

La pili: R na 10 zilizopatikana baada ya kupasua zililipwa kama blackjack. Hizo ni 21 ya kawaida, malipo ni 1 kwa 1.

La tatu: R mbili zilihesabiwa 22. Ree moja tu ndiyo inayoweza kuwa 11, nyingine zote ni 1. Njia rahisi ya kuliandika hili: hesabu kila ree kuwa 1, kisha ongeza 10 mara moja tu kama kuna ree na jumla haivuki 21.

La nne lilijificha zaidi. Kuchanga karata kulifanywa kwa kubadilishana kila karata na nyingine yoyote ya pakiti nzima. Inaonekana haki, lakini si haki: kwa karata tatu, njia hiyo ina mapito 27, na mipangilio ya karata tatu ni 6. Ishirini na saba haigawanyiki kwa sita, kwa hiyo baadhi ya mipangilio lazima ijirudie kuliko mingine. Dawa ni kubadilishana na karata ambazo bado hazijapangwa tu.

Wiki ya 3

Kuhakiki. Programu ikicheza kwa jedwali inapaswa kukaribia hivi: ushindi karibu 42% ya mikono, sare 8.5%, kupoteza 49%. Imekaribia.

Wenye haraka huziondoa sare, na hapo kupoteza kunaruka hadi karibu 53.6%. Takwimu zote mbili ni sahihi, ila haziwezi kulinganishwa. Daftari linalochanganya hizo mbili litamwonyesha mchezaji kwamba mwezi huu amecheza vibaya kuliko uliopita, kumbe aliyebadilika ni anayehesabu.

Jambo la pili la kuhakiki ni ukubwa wa sampuli. Mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika) wa mkono mmoja wa blackjack ni karibu mara 1.15 ya dau. Ukicheza mikono 100,000, wastani wako una shaka ya karibu 0.36%, karibu sawa na ile 0.4% unayotaka kuipima. Ukifika milioni 1, shaka inashuka hadi 0.115%. Kwa milioni 10 ni 0.036%, na hapo ndipo tofauti kati ya kanuni mbili za meza huanza kuonekana wazi. Mtu anayesema amejaribu mbinu fulani kwa wiki tatu na inalipa, amecheza labda mikono elfu kadhaa.

Jedwali lililotumika ni la kawaida, lenye mizizi kwa Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, wanajeshi wa Marekani waliolikokotoa kwa mashine za kuhesabia za mezani na kulichapisha mwaka 1956 katika jarida la takwimu. Kompyuta zilizokuja baadaye zilirekebisha mikono michache tu. Kazi yao inastahili heshima kubwa.

Wiki ya 4

Hii ndiyo wiki iliyobeba mradi. Kila kosa limewekewa bei, kwa dau la 10,000, na kando yake ni mara ngapi hali hiyo hutokea kwa karata mbili za mwanzo. Thamani za mikono zimekokotolewa baada ya kuthibitika kwamba mgawaji hana blackjack, na kwa kudhani pakiti haziishi, yaani karata zilizotoka hazibadilishi uwezekano wa zinazofuata.

16 dhidi ya 10, yaani mchezaji ana 16 na mgawaji anaonyesha 10. Mkono unaobishaniwa kuliko yote. Ukibaki, unashinda pale tu mgawaji anapoungua, yaani karibu 23%. Wastani ni kupoteza 0.5404 ya dau. Ukiomba, karata 8 kati ya 13 zinakuunguza, lakini zile tano zilizobaki zinaokoa kiasi. Wastani ni kupoteza 0.5398. Tofauti ni shilingi 6. Hali hii huja mara moja katika kila mikono 55, kwa hiyo kukosea hapa kila mara, mwaka mzima, kunagharimu senti 11 kwa mkono. Mchezaji anaumia na 16 kwa sababu anapoteza karibu mara tatu kati ya nne achague lolote, na maumivu hayo yanamfanya adhani kuna siri hajaijua. Siri haipo. Mkono ni mbovu tangu ulipogawiwa.

11 dhidi ya 6, mchezaji anaogopa kudabo na anaomba tu. Kudabo kuna wastani wa faida ya 0.667, kuomba 0.334. Tofauti: shilingi 3,300. Hutokea mara moja katika mikono 275, sawa na shilingi 12 kwa kila mkono unaogawiwa. Na tazama balaa lake: aliyeomba bila kudabo mara nyingi anashinda mkono huo! Daftari linaloandika hasara peke yake halitamgusa kamwe. Kwa hiyo kanuni imeongezwa: mkono ulioshinda kwa uamuzi mbaya unaandikwa kwa wino uleule na mkono uliopotea.

12 dhidi ya 2. Wengi wanabaki kwa kuogopa kuungua, ilhali karata zinazounguza 12 ni 4 kati ya 13. Kubaki kunapoteza 0.293, kuomba 0.253. Bei ya kosa ni shilingi 400, mara moja katika mikono 157. Dhidi ya 4 hali inageuka, kubaki ni bora, lakini kwa shilingi 25 tu.

R-7 dhidi ya 9. Kumi na nane inavutia, mtu anabaki. Kubaki kunapoteza 0.183, kuomba kunapoteza 0.101. Shilingi 800 kwa kosa, ila ni mara moja katika mikono karibu 1,100. Ni kosa ghali linalotokea kwa nadra, kwa hiyo halistahili kuwa la kwanza kufanyiwa mazoezi.

Bima, yaani dau la pembeni kwamba mgawaji ana blackjack. Mgawaji akiwa na R wazi, zimebaki karata 311 na kati yake 96 ni za kumi. Bima inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo wastani ni 192 ukitoa 215, gawanya kwa 311: kupoteza 7.4% ya pesa ya bima. Bima ni nusu ya dau, 5,000, hasara 370. Ree huonekana kwa mgawaji mara 1 katika 13. Anayechukua bima kila mara anajiongezea hasara ya shilingi 28 kwa kila mkono anaogawiwa, juu ya zile 40 za kawaida. Kosa hili moja linakaribia kuongeza kwa robo tatu kile kasino inachopata kwake.

Wapo wanaosema bima inafaa ukiwa na mkono mzuri, kama 10 na 10. Hapo ni mbaya zaidi: umeshika kumi mbili ambazo mgawaji hawezi kuzipata, na hasara inapanda hadi 8.7%. Na ukiwa na blackjack, ukaambiwa uchukue malipo sawa papo hapo? Kukataa kuna wastani wa 10,388, kukubali ni 10,000 kamili. Anayekubali analala vizuri zaidi. Analipa 388 kwa usingizi huo.

Orodha ya mazoezi imepangwa upya kwa bei ikizidishwa kwa marudio: bima juu kabisa, kuogopa kudabo ya pili, 12 dhidi ya 2 na 3 inafuata kwa mbali. Kumi na sita imewekwa mwisho.

Wiki ya 5

Kasoro kwenye jedwali lenyewe. Jedwali lililokuwa likitumika kusahihisha limetengenezwa kwa meza za Marekani, ambako mgawaji mwenye 10 au R huchungulia karata yake ya pili kabla wachezaji hawajacheza. Nje ya Marekani kuna meza nyingi ambazo mgawaji hajipi karata ya pili mpaka wachezaji wote wamalize. Akija kuipata blackjack, anazoa dau la mwanzo pamoja na la dabo na la kupasua.

Chukua 11 dhidi ya 10. Kwa meza ya kuchungulia, kudabo kunaleta 0.18 na kuomba 0.12. Kwa meza isiyo na karata ya pili, mara 1 katika 13 mgawaji atachukua R na mchezaji aliyedabo atapoteza dau mbili. Hesabu: 12/13 ya 0.18 ukitoa 2/13, inabaki kama 0.012. Kuomba: 12/13 ya 0.12 ukitoa 1/13, inabaki karibu 0.03. Kuomba kunashinda. Vivyo hivyo 8-8 dhidi ya 10: kupasua kulikuwa bora kwa kupoteza 0.48 badala ya 0.54, sasa kupasua kunapoteza karibu 0.60 na kuomba 0.575.

Marekebisho yameingizwa: kwenye meza hizi usidabo 11 dhidi ya 10 wala R, usipasue 8-8 dhidi ya 10 wala R, na usipasue R-R dhidi ya R. Hata kwa marekebisho hayo, kanuni hii inamgharimu mchezaji karibu 0.11% zaidi. Zipo meza zinazochukua dau la mwanzo pekee na kurudisha la nyongeza. Hapo jedwali la kuchungulia linabaki sahihi. Swali hili liulizwe kabla ya kukaa.

Safu mpya imeongezwa juu ya kila ukurasa: kanuni za meza. Mgawaji akiomba kwenye 17 yenye ree iliyohesabiwa 11, ongeza karibu 0.2%. Blackjack ikilipwa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2, ongeza karibu 1.36%: blackjack huja mara moja katika mikono 21, na kila moja isiyo sare inanyang'anywa shilingi 3,000. Hakuna kosa la uchezaji katika wiki ya 4 linalokaribia bei hiyo. Mchezaji hodari kwenye meza ya 6 kwa 5 anapoteza zaidi kuliko mzembe wa bima kwenye meza ya 3 kwa 2.

Wiki ya 6

Imekwama. Kurasa zilizojazwa baada ya mchezo hazifai kwa hesabu. Kasino nyingi haziruhusu simu mezani, kwa hiyo mtu anaandika kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ina upendeleo: inashika mikono yenye dau kubwa, 20 iliyopigwa na 21, na dabo iliyopewa karata ya 2. Mikono ya kawaida, ambako makosa mengi ya bei ndogo yanajificha, imeyeyuka. Ukizisoma kurasa hizo utaamini mgawaji haungui kamwe.

Suluhisho lina sehemu mbili. Mezani, mchezaji asijaribu kukumbuka kila kitu. Akumbuke tu mikono aliyosita, na aiandike wakati karata zinachangwa, au aondoke mezani kidogo. Kusita ni dalili bora kuliko kupoteza. Nyumbani, mazoezi yafanywe kwa pakiti 6 halisi: gawa, tamka uamuzi kwa sauti, mwenzako auandike kabla karata haijafunuliwa. Mikono 200 kwa kikao, kisha sahihisha. Aliyefikisha vikao vitatu mfululizo bila kosa aongezewe kelele na mwendo, kwa kuwa mezani hakuna utulivu wa sebuleni.

Wiki ya 7

Safu ya dau imeanza kusomwa, na inasema mengi. Kosa la kuongeza dau baada ya kupoteza halionekani kwenye jedwali lolote, maana kila uamuzi wa karata unaweza kuwa sahihi.

Mfano wa kuzidisha mara mbili, meza yenye dau la chini 10,000 na la juu 500,000. Dau zinakwenda 10, 20, 40, 80, 160, 320 elfu. La saba lingekuwa 640,000, meza inakataa. Kupoteza mara sita mfululizo, ukiziacha sare, kuna uwezekano wa karibu 1 kwa 42. Mizunguko 41 inaleta elfu kumi-kumi, jumla 410,000. Mmoja unachukua 630,000. Dabo na blackjack zinarudisha sehemu ya pengo hilo, lakini asilimia ya kasino inatozwa kwa kila shilingi iliyowekwa, na anayezidisha ameweka shilingi nyingi zaidi.

Kipimo cha hasara ya kawaida kimewekwa ukurasa wa kwanza ili kitazamwe kabla ya kutafuta mchawi. Saa moja, mikono 60, dau 10,000, faida ya kasino 0.5% (meza ya wiki ya 5): hasara ya wastani ni shilingi 3,000, lakini mchepuko ni kama 89,000. Kupoteza zaidi ya 90,000 hutokea takribani saa moja kati ya sita kwa mchezaji asiyekosea hata mara moja. Ili hasara ya wastani ifikie ukubwa wa mchepuko, inahitajika mikono karibu 53,000. Kwa hiyo matokeo ya usiku mmoja hayawezi kusema lolote kuhusu ubora wa uchezaji. Safu ya bei ya kosa inaweza, hata kwa mikono 60.

Wiki ya 8

Dai la kiti cha mwisho: kwamba anayekaa mwisho akiomba vibaya anamchukulia mgawaji karata ya kuungua. Programu iliendeshwa na mchezaji wa mwisho anayeomba ovyo, kisha na anayefuata jedwali. Wastani wa wenzake haubadiliki. Karata aliyoichukua ilikuwa na nafasi ileile ya kumwokoa mgawaji kama ya kumuunguza. Hakuna haja ya safu ya "jirani".

Wiki ya 9

Ripoti ya kikao sasa ina mistari minne: bei ya kanuni za meza, jumla ya bei ya makosa, dau lililopanda bila sababu, na kinachobaki, ambacho kinaitwa karata na hakichambuliwi. Kwa mfano wa mikono 60 kwenye meza ya wiki ya 5 yenye kosa moja la bima na moja la kutodabo 11 dhidi ya 6: kanuni 3,000, makosa 3,670. Kama mchezaji ametoka na upungufu wa 75,000, mstari wa karata unabeba zaidi ya 68,000.

Kazi zilizobaki: kuingiza 16 ya karata tatu, kwa mfano 10-4-2, ambapo kubaki dhidi ya 10 huwa bora kwa kuwa karata ndogo zilizohitajika zimeshatoka, kuingiza meza zenye kujitoa kwa nusu dau, ambako 16 dhidi ya 10 inauzwa kwa 0.50 badala ya 0.54, na kukagua upya thamani za mikono, ambazo bado zimekokotolewa kwa kudhani pakiti haziishi.